Kijiwe au kitabu: ushauri upi wa matunzo ya pikipiki uufuate hapa Dar

Ukinunua pikipiki Dar es Salaam, kabla hujafika nayo nyumbani utakuwa umeshapewa ushauri wa kujaza daftari. Dukani wanakupa kitabu cha matunzo, ambacho wengi hukisukumia chini ya siti mpaka kinalowa. Kijiweni unaambiwa mengine kabisa: oili nyeusi ndiyo imeiva, filta inaiziba pumzi, breki ya nini na honi unayo. Watu wanacheka na wewe unacheka. Baada ya muda unakuta kijana mgeni kwenye kazi kweli anatembea bila filta.

Shida ya kijiwe ni hiyo. Utani na ushauri vinatoka mdomo mmoja, kwa sauti ileile, na anayeanza hana namna ya kuvitenganisha. Ila kukitupa kijiwe chote ni kukosea vilevile. Dereva anayelala na kuamka barabara ya Kivule au Chanika anajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingi na barabara za kila aina.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja: nikikosea hapa, madhara yataonekana lini, na nani atayalipia? Tairi ukilijaza vibaya unajua siku hiyohiyo. Pancha ikizibwa ovyo, inafumuka kabla hujafika Buguruni. Kwenye mambo ya namna hiyo kijiwe kimejifunza kwa kuumia chenyewe, kwa hiyo nakisikiliza. Oili mbovu haikuumbui leo. Inakula injini taratibu, na siku injini inaponoki, aliyekushauri ameshauza pikipiki yake, au alikuwa anaendesha ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, na analipa hesabu anayodaiwa tu. Huyo hakuwahi kulipia ushauri wake. Kwenye mambo yanayoharibika kimyakimya, nafungua kitabu.

Oili: hapa kitabu kinashinda

Nianze na kauli maarufu, kwamba oili ikiwa nyeusi ndiyo imeiva na ina nguvu. Rangi peke yake haisemi mengi. Oili nzuri huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi na uchafu wa injini, na hiyo ni mojawapo ya kazi zake. Kinachoisha ni unene wake na dawa zilizomo ndani, na hivyo huvioni kwa macho. Ndiyo maana kitabu hakikuambii utazame rangi, kinakupa kilomita.

Kijiwe kinahesabu wiki, kitabu kinahesabu kilomita, na tofauti hiyo ndiyo inayoua injini nyingi. Anayepiga kilomita 100 kwa siku anamaliza kilomita 2,000 ndani ya siku 20. Anayetoka Tabata kwenda kazini Posta na kurudi anaweza kuchukua miezi kadhaa kufika hapo. Ukisikia "mimi namwaga kila mwezi," muulize kwanza anatembea kiasi gani. Na bodaboda ya Dar ina jambo la ziada: foleni. Injini nyingi za hizi pikipiki hupozwa na upepo tu. Ukisimama Mwenge saa kumi na moja jioni injini inaunguruma, upepo haupo, joto linapanda na kilomita hazisogei hata moja. Kwa dereva wa biashara, muda wa kitabu ni wa kupunguza, wala si wa kuongeza. Kwa mwenye safari fupi za kazini, hata kama kilomita hazijatimia, oili isikae mwaka mzima, kwa sababu injini isiyopata joto la kutosha inakusanya unyevunyevu ndani.

Sasa aina. Wengine wanaweka oili yenye namba moja tu, 40, wengine 20W-50. Boxer 150, kwa mfano, imeandikiwa 20W-50. Hiyo 20 yenye W inaonyesha wepesi wake injini ikiwa baridi, na 50 inaonyesha unene wake injini ikiwa moto. Oili ya 40 haitaiua injini yako kesho, na kwa joto la Dar wapo walioenda nayo miaka. Lakini asubuhi unapopiga kiki ni nzito, inachelewa kupanda juu kwenye valvu, na kabla haijafika, chuma kinalika. Tofauti ya bei kwa lita moja haifikii hata karibu na bei ya pistoni na ringi.

Kosa kubwa zaidi ni kuweka oili nyepesi ya magari ya kisasa kwa sababu "ni ya bei, lazima ni nzuri." Kwenye gari, klachi iko kavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki nyingi, injini, giaboksi na sahani za klachi zinaoga kwenye oili moja. Oili za magari za kubana mafuta zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Matokeo yake unapanda mlima na abiria, injini inalia juu, pikipiki haiendi. Tazama nyuma ya kopo utafute herufi JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi inayooga ndani yake. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili.

Kuhusu oili ya kupima na ya kopo lililofungwa, mimi nipo upande wa kopo bila kusita. Oili ya kupima hujui imetoka pipa gani. Hata kopo, kagua mfuniko na ile pete yake ya kukatika, na ukishatumia litoboe kabla hujalitupa, lisije likajazwa tena na kuuzwa.

Kama unamwaga mwenyewe, fanya injini ikiwa ya uvuguvugu, siyo ya moto wa kuunguza. Ifungue bolti ya chini taratibu, acha oili idondoke mpaka iwe tone moja moja, kisha chovya vidole kwenye ile ya mwisho uisugue kwenye mwanga wa jua. Ikiwa laini tupu, sawa. Ukiona vumbi la fedha linalometameta, chuma kinalika mahali fulani, na ukihisi chembe za kukwaruza, usiwashe tena mpaka fundi aangalie. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hayo huwapata sana waliolazimisha kuvuka maji Jangwani au kando ya Msimbazi wakati wa masika. Angalia pia washa (kile kipete cha kuzibia) ya ile bolti, na usikaze kwa hasira: kifuniko cha injini ni aluminiamu, nyuzi zikiliwa hapo ni gharama nyingine.

Kupima kimo cha oili, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, si ya pembeni. Kuna pikipiki ambazo kijiti cha kupimia hukifungi, unakilaza tu juu ya tundu, na nyingine zina kidirisha cha kioo. Kitabu chako ndicho kinachojua yako ni ipi.

Cheni: kila upande una haki nusu

Kijiweni cheni hupakwa oili chafu, kwa sababu ipo na ni ya bure. Oili chafu ina kazi zake, mafundi seremala wanaipaka mbao za kuezekea kuzuia mchwa, na huko sina neno nayo. Kwenye cheni unapaka masizi na vumbi la chuma lililotoka injini. Wengine hupaka grisi nzito kwa nje. Inang'aa, inapendeza, na kwenye barabara ya mchanga ya Kigamboni au Goba inashika kila chembe inayopita mpaka cheni inakuwa msasa. Tena grisi haipenyi ndani kwenye pini, ambako ndiko cheni inakolika.

Vitabu vingi vinakubali oili ya giaboksi, namba 80 au 90. Inapatikana kirahisi, na lita moja inakaa muda mrefu. Osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa kitambaa, dondoshea oili upande wa ndani ukiwa unazungusha gurudumu kwa mkono (injini imezimwa, vidole vya watu vimekatwa kwa kufanya hivi injini ikiwaka), halafu futa ya ziada. Cheni yenye vipete vya mpira usiioshe kwa petroli, mpira utaharibika.

Haki ya kijiwe iko kwenye muda. Kitabu kinaweza kukupa kilomita mia kadhaa kati ya kupaka na kupaka. Kijiwe kinasema paka baada ya kila mvua, na kama unaishi Kunduchi au Kigamboni karibu na bahari, usingoje mvua. Kijiwe kiko sahihi. Hewa ya chumvi inatia kutu cheni na spoku hata pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Kwenye kukaza, hapana. Dawa ya kijiwe kwa cheni inayopiga kelele ni kuivuta mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo. Hapo kelele inaisha na tatizo linahamia usiloliona. Abiria akikaa, nyuma inashuka, na kwa pikipiki nyingi cheni inazidi kukaza. Sasa inavuta shafti ya giaboksi na beringi za gurudumu kila tuta unalopanda. Kitabu kinataka nafasi ya kuchezacheza katikati ya cheni, nyingi huwa kati ya milimita 20 na 30 au zaidi kidogo kulingana na modeli. Pima ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni iliyozeeka ina sehemu inayokaza na sehemu inayolegea. Weka nafasi kwa kupima pale inapokaza zaidi. Ikiwa upande mmoja inaning'inia na mwingine imenyooka, hiyo haitengenezeki.

Na ukibadilisha, badilisha seti: cheni na sproketi zote mbili. Kijiwe kitakushauri ununue cheni tu kwa sababu "sproketi bado ina meno." Yatazame hayo meno. Yakiwa yamelala upande mmoja kama ndoano, cheni mpya itaharibika nayo upesi.

Filta, plagi na tapeti

Kuondoa filta ili pikipiki "ipumue" ndio ushauri wa kijiwe ninaouchukia kuliko wote. Ni kweli itabadilika mlio na utahisi imechangamka. Lakini hewa imezidi petroli, mchanganyiko umekuwa mkavu, injini inapata joto, na vumbi la Dar linaingia moja kwa moja kati ya pistoni na silinda. Moshi wa bluu ukianza kutoka, utani wa kijiweni ni kwamba pikipiki imeanza kuvuta sigara. Mwenye pikipiki anatafuta hela ya kuchonga silinda.

Filta ya sifongo osha kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini, kisha ipake matone ya oili safi na uikamue tena. Ya karatasi usiioshe. Ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na ikichakaa nunua nyingine. Anayeishi barabara ya vumbi aikague mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Kusoma rangi ya plagi, kijiwe kinajua vizuri, na kinakubaliana na kitabu: kahawia iliyopauka ni afya, masizi makavu meusi ni mafuta kuzidi au filta kuziba, nyeupe ni joto kuzidi, iliyolowa oili ni ringi au sili za valvu.

Tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu, ni kinyume chake. Fundi wa haraka anasikiliza sauti na kukaza mpaka pawe kimya, na mteja anaondoka amefurahi. Valvu inahitaji nafasi ndogo sana, kwa pikipiki nyingi hizi ni karibu sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, ipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa vile vibati vyembamba vya kupimia. Ikikazwa kupita kiasi, valvu haifungi sawasawa, inaungua, na pikipiki inaanza kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Kelele kidogo ya tapeti ni heri kuliko kimya cha namna hiyo. Fundi asiye na vile vibati, usimpe kazi hii.

Breki: hapa sitaki utani

"Breki ya nini na honi unayo" imeshazoeleka kama salamu. Nyuma yake kuna vitendo vya kweli. Breki shuu zikiisha, kuna wanaoweka kipande cha bati kwenye ile kamu inayozitanua ili zifike. Wengine wanang'oa mkono wa breki na kuurudisha meno kadhaa mbele ili kukaza kuendelee. Vyote viwili vinafanya kazi kwa muda, na vyote vinaweza kuifanya kamu ipinduke au ikwame, gurudumu lifunge ghafla ukiwa na mama na mtoto nyuma. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo pembeni ya mkono wa breki. Ukikanyaga na mshale ukapita alama, shuu zimeisha. Bei ya shuu mpya ni ndogo kwa dereva yeyote anayefanya kazi.

Ushauri mwingine: "usishike breki ya mbele, itakurusha." Wapo walioilegeza kabisa. Ukweli ni kwamba unaposimama, uzito mwingi unakwenda mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami. Inarusha mtu anayeibana ghafla, au aliyekata kona, au aliye kwenye mchanga. Dawa ni kujifunza kuibana taratibu ukiongeza nguvu, pamoja na ya nyuma, kwenye uwanja mtupu. Na mvua ya kwanza ikigusa lami yenye vumbi na oili, ongeza nafasi kati yako na daladala.

Nimalize hili na mteremko wa Kimara. Kuna wanaozima injini na kuweka nyutro kuokoa mafuta. Unachookoa ni kidogo mno, na unapoteza msaada wa injini katika kusimama, breki zinabeba kazi yote peke yake, na ukihitaji kuchomoka mbele ya lori huna nguvu yoyote.

Mahali ambapo kijiwe kinashinda wazi

Ikizima njiani, mpigie mtu wa kijiweni. Kabureta iliyoingia maji kutokana na petroli ya madumu, wao wanafungua ile skrubu ya chini ya bakuli, wanamwaga, wanafunga, umeondoka. Hata ule ushauri unaosikika kama mzaha, kuilaza pikipiki ubavu mafuta yakikaribia kuisha, una maana yake: yale yaliyobaki upande wa pili wa tangi yanahamia upande wenye koki. Ilaze kidogo tu, isimamishe, nenda kituoni.

Tairi pia wanalijua, ingawa kwenye upepo nawaongezea neno. Kijiwe kinajaza mpaka liwe gumu kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, kitabu kinataka karibu psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 au zaidi ukiwa na abiria. Muombe mjaza upepo atumie geji. Likizidi, tairi linalika katikati na linateleza kwenye lami iliyolowa.

Kwenye umeme sikubaliani nao hata kidogo. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kualika moto chini ya tangi la petroli. Mara nyingi fyuzi inaungua kwa sababu waya umegusa mahali. Tafuta pale.

Umpe nani kazi

Gereji ya wakala nampendekezea mwenye pikipiki mpya yenye warantii, kwa sababu servisi za mwanzo zisipoandikwa kwenye kitabu unaweza kuikosa warantii yenyewe. Baada ya hapo, fundi mzuri wa mtaani anatosha, na kwa mtu wa biashara anafaa zaidi: unakaa pale, unaona, unaondoka siku hiyohiyo. Mzuri utamjua kwa mambo madogo. Hapigi bolti kwa nyundo. Anaweka nati kwenye kopo badala ya kuzitandaza mchangani. Akimaliza anakuonyesha kifaa cha zamani bila kuombwa. Mjengee heshima yake, msalimie vizuri, mlipe bila kumzungusha, naye atakuambia ukweli siku spea uliyoileta kutoka Kariakoo ni feki.

Oili, cheni na filta jifunze mwenyewe. Spana chache, brashi na beseni vinatosha. Ile oili uliyoimwaga usiitupe mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Ihifadhi kwenye dumu umpe anayeihitaji kwa mbao.

Kwa aliyempa mtu pikipiki kwa hesabu au kwa mkataba, jambo hili lisibaki la mdomo. Andikeni kwenye mkataba nani ananunua oili, na baada ya kilomita ngapi. Mimi ningeshauri tajiri ainunue yeye, imwagwe akiwepo, na namba ya kilomita iandikwe kwenye karatasi inayobandikwa chini ya siti kila inapomwagwa, dereva na mwenye pikipiki wote wakiiona.